Kuingiza teknolojia mahakamani: mwongozo kamili, kuanzia dirisha la masjala hadi siku ya kufunga rejesta

Nilianza kazi nikiwa karani wa masjala, na kila ninapoitwa kusaidia mahakama kupanga mfumo mpya nakumbuka asubuhi moja pale dirishani. Mzee mmoja alifika na karatasi zake ndani ya mfuko wa rambo, zimekunjwa mara mbili. Alitaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya. Mwenzangu alimtazama, akaitazama kompyuta, akamwambia, "Mtandao hamna, mzee wangu. Njoo kesho." Mzee akashukuru, akaondoka. Ilikuwa siku ya 30 tangu hukumu isomwe, na muda wa rufaa ni siku 30.

Hakuna aliyemtakia mabaya mzee yule. Mfumo ulikuwa mzuri, umenunuliwa kwa nia njema, na siku nyingine ulifanya kazi. Ila hakuna aliyekaa chini kabla na kuuliza: ukizimika, itakuwaje? Benki ikikosa mtandao leo, fedha zako utazikuta kesho. Mahakama ikikosa mtandao leo, kesho haki ya mtu inaweza kuwa imepitwa na muda, na kuirudisha kunataka maombi ya kuongezewa muda, kiapo, safari nyingine za mjini, pengine na wakili asiyeweza kumlipa.

Kwa hiyo mwongozo huu una swali moja ambalo nitalirudia katika kila hatua: mfumo huu ukizimika saa hii, au ukikosea, nani anapoteza haki yake? Nimewaandikia wasajili, watendaji wa mahakama, mahakimu wafawidhi (wanaosimamia vituo vya mahakama), maafisa TEHAMA na mtu yeyote aliyepewa jukumu la kuitoa mahakama kwenye karatasi. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, ambako safari hii imekwenda mbali kiasi cha kuwa na mengi ya kujifunza.

Hatua ya 1: Lifuate jalada kwa miguu yako

Kabla ya kuita mtaalamu yeyote na kabla ya kuandika neno "seva" popote, chagua majalada kumi. Yasiwe ya aina moja. Chukua la mirathi, la madai ya fedha, la talaka, la ardhi, la jinai ambalo mshtakiwa yuko mahabusu, na la jinai ambalo yuko nje kwa dhamana. Chukua yaliyokwisha na yanayoendelea. Halafu lifuate kila moja kuanzia siku lilipopokelewa dirishani.

Kila lilipopita, andika mambo matatu: nani alilishika, alilifanyia nini, na lilikaa kwake siku ngapi. Usitegemee kuambiwa. Soma mihuri, soma tarehe zilizoandikwa kwa kalamu pembeni, fungua rejesta ya majalada yanayotoka na kuingia, muulize mhudumu anayeyabeba kutoka masjala hadi ofisi ya hakimu. Mhudumu huyo anajua mengi ambayo hayamo katika mpango mkakati wowote.

Utakachogundua ni kwamba kazi yenyewe ni ya dakika kumi, na kulala kwa jalada ni kwa wiki tatu. Jalada moja la madai nililolifuata hivi lilikuwa limelala siku 19 likisubiri sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Tulipotafuta kanuni inayodai sahihi ile, haikuwepo. Yalikuwa mazoea ya bosi aliyekwisha kustaafu. Kama tungeihamishia hatua ile kwenye kompyuta, tungekuwa tumetumia fedha za umma kulifanya jalada lilale kwenye skrini badala ya mezani. Futa kwanza kisichohitajika, ndipo uweke kompyuta kwenye kinachobaki.

Sehemu ya pili ya zoezi hili ni maahirisho. Orodhesha sababu za kila shauri kuahirishwa kwa miezi mitatu iliyopita. Utakutana na upelelezi haujakamilika, shahidi hakufika, wakili yuko Mahakama Kuu, hakimu yuko mafunzoni, wito haukumfikia mdaiwa, mwenendo (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) haujachapwa. Sasa zigawe katika mafungu mawili: zile ambazo teknolojia inaweza kuzipunguza, na zile ambazo haiwezi. Wito usiofika, mwenendo usiochapwa na tarehe zinazogongana zinaweza kutibika kwa mfumo. Upelelezi usiokamilika hautibiki kwa kompyuta ya mahakama hata iwe ya bei gani. Kuwa mkweli hapa, na uwaambie wakubwa ukweli huo mapema, kwa sababu usiposema sasa, miaka miwili baadaye watasema mfumo umeshindwa wakati uliahidiwa kazi isiyokuwa yake.

Mwisho wa hatua hii uwe na takwimu chache zako mwenyewe: siku kutoka kufunguliwa kwa shauri hadi tarehe ya kwanza, siku kutoka hukumu hadi mdaawa, yaani mhusika wa shauri, kupata nakala yake, na idadi ya maahirisho kwa shauri. Zitunze mahali salama. Utazihitaji sana mwishoni.

Nakala ya hukumu na mwenendo naitaja kwa makusudi. Tanzania, aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi. Maana yake ni kwamba sheria inamlinda muda wake, lakini mwili wake unaendelea kukaa gerezani wakati mwenendo unasubiri mchapaji. Ukitaka kujua teknolojia ianzie wapi, anza na mtu huyo.

Hatua ya 2: Amua nani anashika usukani, na nani lazima awe ndani ya chombo

Mradi wa teknolojia mahakamani ukiachiwa idara ya TEHAMA peke yake, utakufa. Si kwa sababu vijana wa TEHAMA hawajui kazi. Wengi wanaijua vizuri sana. Ni kwa sababu maamuzi magumu ya mradi huu ni ya kimahakama: nani aruhusiwe kuona jalada la mtoto, hakimu afanye nini wakili akigoma kuwasilisha kwa mtandao, shauri lipangwe na mashine au na mfawidhi. Hayo anaamua jaji au hakimu mwenye mamlaka, na ni lazima aonekane akiutumia mfumo yeye mwenyewe. Makarani hawafuati waraka, wanamfuata mheshimiwa. Akiendelea kudai jalada la karatasi mezani, kila mtu atachapa karatasi.

Kamati iwe ndogo na iwe na karani mmoja wa dirishani mwenye sauti sawa na wengine. Awepo wakili wa kujitegemea, mtu kutoka ofisi ya mashtaka, polisi, magereza, ustawi wa jamii, na shirika la msaada wa kisheria.

Rwanda walilielewa hili mapema. Mfumo wao wa mashauri, ulioanza mwaka 2016, ulijengwa ili wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza wakutane kwenye jalada moja la kielektroniki. Angalia kinachotokea pasipo muungano wa namna hiyo. Hakimu anatoa amri ya kumwachia mshtakiwa saa saba mchana. Amri inaingia kwenye mfumo papo hapo. Lakini gereza halimo kwenye mfumo, kwa hiyo amri inachapwa, inagongwa muhuri, inasubiri gari, gari halina mafuta, ni Ijumaa. Mtu aliyeachiwa huru na mahakama analala ndani hadi Jumatatu.

Kama hamwezi kuwaunganisha wote tangu mwanzo, andikeni makubaliano ya karatasi moja na kila taasisi: taarifa zipi zitapita, kwa njia gani, nani anazipokea, na ndani ya saa ngapi.

Hatua ya 3: Kanuni kabla ya kompyuta

Tanzania ilitunga Kanuni za Uwasilishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki kwa Tangazo la Serikali Na. 148 la 2018, na baadaye Kanuni za Uendeshaji wa Mashauri kwa Mtandao na Kurekodi kwa Kielektroniki, Tangazo Na. 637 la 2021. Kenya ilitoa miongozo yake ya usimamizi wa mashauri kielektroniki mwaka 2020, mwaka uleule uwasilishaji wa mtandaoni ulipozinduliwa Nairobi Julai 1. Zisome za nchi zote mbili hata kama uko nchi nyingine, kwa sababu maswali ni yaleyale.

Swali lililosumbua zaidi linaonekana dogo: nyaraka inahesabiwa imewasilishwa lini? Kanuni za Tanzania za 2018 zilisema iliyowasilishwa kabla ya saa sita usiku, saa za Afrika Mashariki, imewasilishwa siku hiyo. Sawa. Lakini ada je? Mtu anapakia nyaraka tarehe 10, anapata kumbukumbu namba ya malipo tarehe 12 baada ya afisa kukagua, analipa tarehe 13, na muda wake ulikwisha tarehe 11. Amechelewa au hakuchelewa? Ubishi huu ulifika mbele ya majaji, na maamuzi hayakuwa ya upande mmoja. Kila siku ya ubishi wa namna hiyo ni mdaawa anayelipia wakili kujadili saa ya kompyuta badala ya shauri lake. Andika jibu kwenye kanuni zako kabla ya kuwasha mfumo, na uufanye mfumo utoe stakabadhi yenye saa na tarehe papo hapo mtu anapobonyeza, bila kusubiri mtu akague.

Swali la pili ni la mzee wangu wa rambo. Kanuni za 2018 ziliweka kifungu kizuri: aliyekosa muda kwa hitilafu ya kiufundi anaweza kumwona Msajili au hakimu mfawidhi, bila utaratibu mrefu, kabla ya saa tisa alasiri siku ya kazi inayofuata, akaomba nafuu. Kifungu hiki kina thamani kuliko seva nyingi. Lakini kina thamani pale tu mtu wa dirishani anapokijua na kukisema. Kiandike kwa herufi kubwa, kibandike dirishani kwa Kiswahili, upande wa nje anaposimama mwananchi.

Maswali mengine nayapitia haraka. Sahihi ya kielektroniki inakubalika kwenye nini? Kiapo kinaapwaje mbele ya kamishna wa viapo kama karatasi haipo? Nani anaona jalada la ndoa, la ubakaji, la mtoto? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hukumu zinazowekwa mtandaoni ni hazina kubwa kwa mawakili, mahakimu na wanafunzi, ila mtoto aliyedhalilishwa hapaswi kukutana na jina lake humo miaka kumi baadaye.

Hatua ya 4: Panga mfuatano, na uanze na kidogo

Usianze na kikao cha video. Najua ndicho kinachopendeza kwenye picha za uzinduzi. Anza na rejesta ya mashauri: kila shauri liwe na namba moja, wadaawa wenye majina yaliyoandikwa sawasawa, namba za simu, tarehe inayofuata na sababu ya ahirisho. Tanzania ilipitia njia hii, ikaanza na mfumo wa kusajili mashauri na takwimu, kisha Novemba 2023 ikaingia kwenye mfumo mpana zaidi wa kusimamia mashauri, maarufu kama e-CMS.

Baada ya rejesta, kwa maoni yangu kinachofuata ni meseji ya kawaida ya simu. Mdaawa apate ujumbe: shauri namba fulani, tarehe fulani, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili, au shauri limeahirishwa usije. Hayo maneno mawili, "limeahirishwa usije," yanaokoa nauli ya mama anayetoka kijijini alfajiri na kufika kukuta hakimu amesafiri. Meseji haihitaji simu janja wala bando. Nimeona mahakama zilizotumia mamilioni kwenye runinga kubwa za ukumbini huku hazina utaratibu wa meseji, na sijawahi kuelewa uamuzi ule.

Kisha malipo, kisha uwasilishaji wa nyaraka, kisha kurekodi, kisha video. Uwasilishaji uanze na mawakili na ofisi za serikali, ambao wana vifaa na wanaweza kulazimishwa, kabla ya kuwagusa wanaojitetea wenyewe. Kenya ilianza Nairobi mwaka 2020, na ikaufungua mfumo kwa nchi nzima Machi 2024. Karibu miaka minne. Uganda nayo ilipozindua mfumo wake Machi 2022 ilianza na mahakama chache. Mtu akikuletea ratiba ya nchi nzima kwa miezi sita, muulize makosa ya mwezi wa kwanza atayasahihishia wapi.

Hatua ya 5: Kununua

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa sheria za ununuzi wa umma za kila nchi zina mengi yake. Yapo manne ambayo nayashikilia.

La kwanza, mwuzaji asikuonyeshe mfumo kwa majalada yake ya maonyesho. Mpe majalada yako kumi ya hatua ya kwanza, yakiwa yameondolewa majina. Mkalishe karani wako kwenye kiti, mwuzaji anyamaze. Karani akishindwa kusajili mirathi ndani ya nusu saa bila kuelekezwa, mfumo huo haukufai. Maneno kwenye skrini yawe ya Kiswahili cha mahakamani: mdai, mdaiwa, wito, kutajwa, kusikilizwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na mfumo usiokijua unaanza ukiwa nyuma ya sheria.

La pili, piga gharama ya miaka mitano, si ya kununua tu. Leseni, matengenezo, intaneti, betri za akiba, mishahara ya wataalamu. Miradi mingi kwetu huja na fedha za wafadhili. Mradi wa maboresho ya Mahakama ya Tanzania, kwa mfano, ulianza mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65. Mkopo una tarehe ya mwisho, na leseni hulipiwa kila mwaka. Mstari wa bajeti ya ndani uanze mwaka wa kwanza wa mradi, hata uwe mdogo, ili Hazina iuzoee.

La tatu, mkataba useme taarifa ni mali ya mahakama, na mkandarasi akiondoka atazikabidhi zote katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine. Jaribuni kabla hamjasaini: mwambie atoe taarifa za mashauri mia moja, muone kama zinasomeka.

La nne ni umeme na mtandao. Mahakama nyingi za mwanzo ziko mbali na mkongo wa taifa wa mawasiliano, na nyingine umeme wao ni wa kuja na kuondoka. Mfumo lazima uweze kufanya kazi bila intaneti kwa saa kadhaa na kupeleka taarifa ukirudi. Kama hauwezi, usiupeleke huko kwanza.

Hatua ya 6: Asiye na simu janja

Simama nje ya geti la mahakama yoyote mjini leo, uangalie steshenari zilizojipanga. Kuna mashine ya fotokopi, skana, kompyuta mbili, kijana mwenye mikono ya haraka, na foleni. Mama anafika na fomu za mirathi. Kijana anamfungulia barua pepe, kwa sababu mfumo unadai barua pepe. Anachagua nywila yeye, anaiandika kwenye daftari lake la kaunta, kwenye orodha pamoja na za wateja wengine. Anaskani cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, majina ya watoto wote na mali zote. Picha hizo zinabaki kwenye kompyuta yake. Mama analipa, anashukuru, anaondoka bila kujua kwamba mahakama ikimtumia taarifa, itaingia kwenye barua pepe ambayo ufunguo wake uko steshenari.

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Anafanya kazi ambayo mahakama ilipaswa kuifanya, na bila yeye mashauri mengi yasingefunguliwa kabisa. Lakini hii ndiyo njia halisi ambayo wananchi wengi wanaupitia mfumo wetu, na haimo kwenye mchoro wowote wa mradi niliowahi kuuona.

Fanya hivi. Weka dirisha la msaada ndani ya mahakama, lenye skana na mtu aliyefundishwa, bila malipo, saa zote za kazi. Asiyekuwa na barua pepe asilazimishwe kuwa nayo. Akaunti yake ifungwe kwenye namba ya simu, na aweze kuuliza tarehe ya shauri kwa kupiga nyota na reli kama anavyouliza salio. Nywila ya kwanza itumwe kwenye simu yake mwenyewe na mfumo umlazimishe kuibadilisha. Kisha waite wenye steshenari, kwa heshima, muwape mafunzo ya nusu siku: namna ya kufuta picha baada ya kazi, kutotunza nywila za wateja, na kumwelekeza mteja kwenye msaada wa kisheria. Wataitikia. Mteja aliyehudumiwa vizuri hurudi.

Kwa walio mbali zaidi, mahakama inayotembea, ambayo Tanzania imekuwa nayo tangu 2019, inaonyesha kwamba mara nyingine teknolojia inayofaa ni gari. Gari lenye chumba cha kusikilizia mashauri, umeme wake na mtandao wake, linamfuata mwananchi alipo. Na katika kila mfumo, acha mlango wa karatasi wazi kwa asiyeweza. Karatasi ipokelewe, karani aiskani na kuiingiza yeye. Kikwazo cha kifaa kisigeuke kikwazo cha haki.

Hatua ya 7: Kikao cha video

Video ilikuja kwetu kwa nguvu mwaka 2020, wakati wa korona, na kwa mambo mengi imesaidia. Shauri la kutajwa tu, la dakika tatu za kupanga tarehe nyingine, halihitaji kumtoa mahabusu gerezani alfajiri, kwenye karandinga lililojaa, na kumrudisha jioni akiwa hajala. Shahidi mtaalamu aliye mkoa wa mbali anaweza kutoa ushahidi bila kupoteza siku tatu barabarani.

Lakini mahakama si skrini tu. Ni mahali pa wazi ambapo mtu anahukumiwa watu wakiona. Katiba ya Kenya, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa hadharani na ya kuwepo shauri lake linapoendeshwa. Tanzania, Aprili 2025, mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alikataa kushiriki kwa njia ya mtandao katika kesi yake pale Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akitaka afikishwe mahakamani. Lolote utakaloliona kuhusu kesi ile, mpangaji wa mfumo anapaswa kujiuliza mapema: mtu akisema hataki kusikilizwa kwa video, utaratibu wetu ni upi, nani anaamua, na kwa vigezo gani? Jibu liwe limeandikwa kabla ya siku hiyo kufika.

Kwa maoni yangu, video itumike kwa kutajwa, maombi na mashahidi waliokubaliwa na pande zote. Kusikiliza mshtakiwa akijitetea katika kosa zito kuwe ana kwa ana, isipokuwa yeye mwenyewe, akiwa ameelezwa vizuri, ameomba vingine.

Chumba cha gerezani kikague wewe mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha mahabusu. Unamwona hakimu? Unamsikia shahidi, au unasikia mwangwi? Kamera inaonyesha chumba kizima, ili hakimu ajue nani mwingine amesimama humo? Iwepo simu ya pembeni ambayo mshtakiwa anazungumza na wakili wake bila askari kusikia. Hiyo simu ya pembeni husahaulika karibu kila mahali, na bila hiyo, haki ya kuwa na wakili imebaki jina. Mwisho, mpe mshtakiwa njia rahisi ya kusema "sisikii": kuinua mkono, au kadi nyekundu mezani. Watu wengi wanaogopa kumkatiza mheshimiwa, na huitikia "ndiyo" kwa jambo wasilolisikia.

Hatua ya 8: Kunukuu, kutafsiri na akili mnemba

Kwa miaka mingi mahakimu wetu wamekuwa wakiandika mwenendo kwa mkono, neno kwa neno, shahidi akisubiri kalamu imfikie. Mahakama ya Tanzania imeingia kwenye mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri maneno ya mahakamani, na naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu ya yule anayesubiri nakala gerezani.

Ujaribu kwa sauti za kwenu. Kiswahili cha shahidi wa Mtwara si cha wa Musoma, wala cha wa Pemba. Chukua rekodi za saa kadhaa za watu wa namna zote, wazee, wenye mapengo ya meno, wanaochanganya lugha ya nyumbani, uhesabu makosa. Angalia hasa neno "si" na viambishi vya kukanusha. "Sikumwona" ikigeuka "nilimwona", mtu amefungwa. Rekodi ya sauti itunzwe pamoja na maandishi, na hakimu asome na kuthibitisha kabla hayajawa mwenendo rasmi.

Kwa utafiti wa sheria, onyo ni moja. Mwaka 2023, mjini New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha maamuzi ya mahakama ambayo ChatGPT iliyabuni, hayakuwahi kuwepo. Walitozwa faini ya dola 5,000. Toa mwongozo wa maandishi: kila uamuzi unaonukuliwa ufunguliwe na usomwe kwenye chanzo chake.

Hatua ya 9: Mafunzo, mazoezi ya giza, na kufunga rejesta

Mafunzo ya siku mbili hotelini hayatoshi. Mtu hujifunza mezani kwake, akiwa na jalada lake, na mwenzake wa kumuuliza pembeni. Teua karani mmoja katika kila masjala awe mwalimu wa wenzake, mpunguzie kazi nyingine, na umtambue kwa posho au cheo. Makarani wana hofu ya kweli kwamba mashine itawatoa kazini. Wajibu waziwazi: nani atahamia dirisha la msaada, nani skana, nani ukaguzi wa mwenendo.

Kisha fanya mazoezi ya giza. Chagua siku, zima mfumo saa nne asubuhi bila kutangaza, uone. Oktoba 2023 mahakama za jimbo la Kansas, Marekani, zilivamiwa mtandaoni, mifumo ikazimwa, na kwa wiki nyingi mahakama hizo, katika nchi tajiri kuliko zote, zikarudi kwenye karatasi. Kama imewapata wao, nasi tujiandae. Kila masjala iwe na daftari la dharura lenye kurasa zenye namba na muhuri wa tarehe. Mfumo ukizimika, nyaraka inapokelewa, inaandikwa saa, inagongwa muhuri, mtu anapewa nakala, na tarehe hiyo ndiyo tarehe yake ya kisheria. Nakala rudufu za taarifa zitunzwe mahali pengine, na kila baada ya miezi mitatu jaribuni kuzirudisha kwa vitendo.

Rejesta ya karatasi na mfumo viende pamoja kwa muda mfupi, miezi mitatu hivi, na tarehe ya kufunga rejesta itangazwe tangu mwanzo. Vikienda sambamba mwaka mzima, karani anafanya kazi mara mbili, anachoka, na kinachoachwa ni mfumo. Siku ikifika, piga mstari chini ya ingizo la mwisho, hakimu mfawidhi atie sahihi, rejesta ipelekwe kwenye hifadhi.

Miezi sita baadaye, toa zile takwimu za hatua ya kwanza. Chagua majalada mengine kumi ya aina zilezile, uyafuate upya, hatua kwa hatua, ulinganishe siku. Na asubuhi moja, bila kumwambia mtu, simama kwenye foleni ya dirisha la masjala na karatasi zako kwenye mfuko wa rambo. Subiri siku mtandao hamna. Sikiliza utaambiwa nini.